Kubadilisha Viunganishi Vilivyochakaa Ndani ya Mashine ya Kuchomelea: Somo kwa Mafundi na Wamiliki wa Karakana wa Kata ya Kihagara

Mashine ya kuchomelea vyuma imekuwa nguzo ya shughuli nyingi katika mwambao wetu wa Ziwa Nyasa. Kwa mashine hiyo hutengenezwa milango na madirisha ya nyumba, madawati ya shule, fremu za mashine za kusaga, vibebeo vya mizigo vya pikipiki, pamoja na vyuma vya kufungia injini katika boti za wavuvi. Tangu mwaka 2018, Mkoa wa Ruvuma ulipounganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Makambako hadi Songea, na kadiri umeme unavyosambazwa vijijini, karakana za aina hii zimeendelea kufunguliwa hata mahali ambapo zamani mwananchi alilazimika kupeleka chuma chake Mbinga ili kiungwe.

Baadhi ya mashine hizo hazifi kwa sababu ya kuungua koili wala kuharibika kwa bodi ya elektroniki. Hufa kwa sababu ya kitu kidogo: kiunganishi kilicholegea, ambacho hupata moto siku baada ya siku hadi kinapoyeyusha kile kilicho jirani nacho. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Somo hili linaeleza kwa nini viunganishi huchakaa, dalili zake ni zipi, namna ya kuvibadilisha kwa usalama, na mpaka uliopo kati ya kazi anayoweza kuifanya mmiliki na ile inayomhitaji fundi wa umeme aliyesomea.

KWA NINI JAMBO HILI LITUHUSU SOTE

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Karakana ya uchomeleaji ni miongoni mwa miradi ambayo kikundi cha vijana kinaweza kuibuni na kuiombea mkopo. Mashine ikiungua kabla ya marejesho kukamilika, kikundi hubaki na deni pasipo chombo cha kulilipa. Kikundi kingine kinachosubiri zamu yake nacho huchelewa, kwa kuwa fedha za marejesho ndizo zinazozunguka.

Lipo pia suala la uhai. Waya uliobanduka ndani ya mashine na kugusa bodi lake la chuma hulifanya bodi hilo libebe umeme wa volti 230. Fundi aliyevaa kandambili zilizolowa, akisimama juu ya udongo wenye maji kipindi cha masika, hana kinga yoyote. Kiunganishi kilichopata moto kupita kiasi kinaweza vilevile kuwasha kibanda cha mbao au cha makuti, na moto huo hauishii kwa mwenye kibanda.

VIUNGANISHI VILIVYOMO NDANI YA MASHINE

Mashine zinazotumika katika karakana zetu ni za aina kuu mbili. Ya kwanza ni mashine nzito ya transfoma, yenye koili za waya zilizozungushiwa kiini cha chuma. Nyingi kati ya hizi hutengenezwa na mafundi wa hapa nchini. Ya pili ni mashine nyepesi ya inveta, yenye bodi za elektroniki na kapasita, ambayo mtu mmoja huibeba begani bila shida.

Aina zote mbili zina makundi matatu ya viunganishi:

Kundi la kwanza ni viunganishi vya upande wa kuingizia umeme. Humo mna plagi, waya wa kuletea umeme, swichi, na vile viunganishi bapa vya kuchomeka vinavyovalishwa kwenye miguu ya swichi na ya feni. Upande huu hubeba volti nyingi na ampia chache.

Kundi la pili ni viunganishi vya upande wa kutolea. Humo mna lagi nene zilizofungwa kwa bolti na nati kutoka kwenye koili au bodi hadi kwenye soketi za mbele, ambako huchomekwa kebo ya kishikio cha elektrodi na kebo ya klampu. Upande huu hubeba volti chache na ampia nyingi. Mashine ikiwa imewashwa bila kuchomelea, volti za upande huu mara nyingi huwa kati ya 60 na 80. Volti hizo zinatosha kumdhuru mtu aliyelowa maji au jasho.

Kundi la tatu ni kiunganishi kimoja tu, nacho kina thamani kuliko vyote: ni kile cha waya wa kijani wenye mstari wa njano, ambao mafundi huuita waya wa athi. Waya huo huliunganisha bodi la chuma la mashine na ardhi. Ndio unaofanya fyuzi au kikata umeme kizime mara umeme unapovujia kwenye bodi.

KWA NINI KIUNGANISHI HUCHAKAA

Vyuma viwili vikibanwa pamoja, kwa macho huonekana vimegusana kila mahali. Kwa kweli hugusana katika vinundu vichache tu vya nyuso zake, na umeme wote hupita katika vinundu hivyo. Mbano ukiwa imara, vinundu huwa vingi na umeme hupita kwa raha. Mbano ukilegea, vinundu hupungua, ukinzani huongezeka, na palipo na ukinzani umeme hugeuka joto.

Joto hilo hupatikana kwa kuzidisha ampia kwa ampia, kisha kuzidisha kwa ukinzani. Tuseme fundi anachomelea kwa ampia 150. Kiunganishi chenye ukinzani wa omu 0.001 kitatoa joto la wati 22.5. Kikichakaa hadi ukinzani ufike omu 0.01 kitatoa wati 225, yaani karibu sawa na balbu nne za wati 60 zikiwaka kwa pamoja katika sehemu ndogo kama kidole gumba. Omu 0.01 ni ndogo mno kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kuionyesha kwa uhakika. Kwa hiyo fundi aliyepima kwa mita na kuona sifuri asidhani amethibitisha kuwa kiunganishi ni kizima.

Joto nalo huzaa ubovu zaidi. Shaba ikipata moto hugeuka kahawia, kisha nyeusi, na utando huo mweusi haupitishi umeme vizuri. Aidha, chuma hutanuka kinapopata moto na kusinyaa kinapopoa, na kwa kurudiarudia huko nati hulegea. Ulegevu huzaa joto, joto huzaa utando, na utando huzaa joto zaidi. Ndiyo maana kiunganishi kinaweza kudumu miaka kikiwa kizima, kisha kikaungua ndani ya wiki chache.

Katika mazingira yetu, mambo manne huharakisha uchakavu huo. Kwanza ni unyevu. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi kama ya bahari, lakini umande wa alfajiri na mvua za masika vinatosha kuotesha ukungu wa kijani kwenye shaba. Pili ni vumbi la chuma litokalo kwenye kusaga na kukata, ambalo hunyonywa na feni na kutua juu ya viunganishi. Tatu ni mtikisiko: mashine inayosafirishwa kwa pikipiki kutoka kijiji hadi kijiji katika barabara za vumbi na mawe hulegeza nati zake yenyewe. Nne ni umeme hafifu mwishoni mwa laini. Mashine ya inveta inayohitaji wati 5,000 huvuta takribani ampia 22 kwenye volti 230. Volti zikishuka hadi 180, nayo ikiendelea kutoa nguvu ileile, huvuta karibu ampia 28. Joto katika viunganishi vya kuingizia hupanda kwa zaidi ya mara moja na nusu, ingawa kazi mezani haijabadilika.

DALILI ZA KUTAMBUA MAPEMA

Mmiliki hahitaji kufungua mashine ili ashuku ubovu. Dalili zifuatazo zinatosha:

1. Cheche ya kuchomelea inakatikakatika ingawa elektrodi ni kavu na chuma kimesafishwa.
2. Nguvu ya mashine hupungua baada ya dakika chache za kazi, na hurudi baada ya mashine kupumzika.
3. Soketi ya mbele, plagi au kichwa cha kebo kina joto kuliko kebo yenyewe. Zima mashine, chomoa plagi ya ukutani, kisha usogeze mgongo wa kiganja karibu na sehemu hizo bila kuzishika.
4. Harufu ya plastiki iliyoungua, au plastiki iliyobadilika rangi na kukunjamana kuzunguka soketi au swichi. Ganda la waya wa kawaida wa plastiki hutengenezwa kuhimili nyuzijoto 70 tu.
5. Mlio wa kuchirizika ndani ya mashine wakati wa kuchomelea.
6. Kuhisi umeme, hata kidogo, unapogusa bodi la mashine. Dalili hii si ya kusubiri. Kata umeme kwenye swichi kuu, chomoa mashine, na isitumike tena hadi ikaguliwe.

Kwa mashine ya elektrodi za kawaida, fundi anaweza kukilinganisha kiunganishi kimoja na kingine kwa kipimo. Mwenzake akiwa anachomelea, fundi huweka ncha za mita upande huu na upande huu wa kiungio cha nje cha kebo, mita ikiwa kwenye volti za aina ambayo mashine hutoa. Katika mfano wetu wa ampia 150, kiungio cha omu 0.001 kitasoma volti 0.15, na kile cha omu 0.01 kitasoma volti 1.5. Kiungio kinachosoma volti nyingi kuliko wenzake ndicho kibovu. Kipimo hiki kifanywe kwenye kebo za nje pekee. Mashine isifunguliwe ikiwa na umeme kwa ajili ya kipimo hiki.

NANI AFANYE KAZI IPI

Mmiliki wa karakana, au kijana anayejifunza, anaweza kushughulikia vitu vya nje baada ya kuchomoa plagi: kishikio cha elektrodi, klampu, lagi za kebo na vichwa vya kebo vinavyochomekwa kwenye soketi za mbele. Kufungua bodi la mashine ni kazi ya fundi aliyefunzwa umeme. Mashine ya inveta inahitaji uangalifu mkubwa zaidi kwa sababu ya kapasita zake, kama tutakavyoeleza. Waya za ukutani na bodi ya fyuzi ya jengo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, ilhali mita ya umeme na nguzo ni mali ya TANESCO na haziguswi na mwingine.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Andaa bisibisi na spana zinazolingana na nati, mita ya kupimia umeme, brashi laini ya waya, msasa laini, kisu cha kuchunia waya, koleo maalumu la kubania lagi, lagi na viunganishi vipya, mpira wa kuvalisha waya unaonywea kwa joto, na karatasi ya kuandikia alama.

Kabla ya kununua lagi, jaribu kila moja kwa sumaku. Lagi ya shaba haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ujue ni ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba au bati, nayo itapata moto mapema. Kebo nayo ikwanguliwe kwa kisu katika ncha ya uzi mmoja: ukionekana mweupe ndani, ni alumini iliyovikwa shaba, na haiwezi kubeba ampia sawa na kebo ya shaba tupu yenye unene uleule.

Lagi ichaguliwe kwa vipimo viwili: unene wa kebo kwa milimita za mraba, kwa mfano 16, 25 au 35, na kipenyo cha tundu la bolti, kwa mfano milimita 8 au 10. Lagi pana isibanwe juu ya kebo nyembamba kwa kujaza vipande vya waya. Tundu dogo nalo lisipanuliwe kwa kuchimba, kwa kuwa sehemu ya kupitishia umeme hupungua.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya kwanza: kata umeme. Zima swichi ya mashine, chomoa plagi, na plagi hiyo uiweke mbele yako unapofanyia kazi ili mtu mwingine asiichomeke. Kama mashine imeunganishwa moja kwa moja ukutani bila plagi, zima kikata umeme, kifunge au uweke mtu wa kukilinda, na uandike onyo.

Hatua ya pili: subiri. Katika mashine ya inveta inayotumia volti 230, kapasita hujazwa hadi takribani volti 325 za mkondo mnyoofu. Katika mashine ya volti 400 hufika takribani 565. Umeme huo hubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa, na unaua. Subiri angalau dakika 10, au zaidi ikiwa kibandiko cha mtengenezaji kinasema hivyo, ndipo ufungue bodi.

Hatua ya tatu: hakikisha kwa kipimo. Jaribu mita yako kwenye soketi yenye umeme uone inasoma. Kisha, bila kugusa chuma chochote ndani ya mashine, pima kwenye miguu ya kapasita kubwa. Halafu rudi ukaijaribu tena mita kwenye soketi yenye umeme. Mita iliyokufa katikati ya kazi husoma sifuri mahali palipo na mauti, na jaribio la mara ya pili ndilo linalokuhakikishia kuwa sifuri uliyoiona ni ya kweli. Kama kapasita bado zina umeme, fundi azimalize polepole kwa balbu ya uzi ya volti 230 na wati 60 iliyofungiwa waya mbili zenye vishikio vya plastiki, na kwa mashine ya volti 400 atumie balbu mbili kama hizo zilizofungwa kwa mfuatano. Kisha apime tena hadi mita isome karibu na sifuri. Kuunganisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ni mwiko: cheche yake hurusha chuma kilichoyeyuka na huharibu kapasita.

Hatua ya nne: weka kumbukumbu. Piga picha kwa simu kutoka pande zote kabla ya kugusa waya wowote. Weka alama kwenye kila waya na kwenye mguu uliotoka. Kosa la kubadilishana waya mbili huweza kuigharimu mashine nzima.

Hatua ya tano: fungua na ukague. Puliza vumbi kwa hewa kavu ya nguvu ndogo. Kagua kila kiungio, hata kile ambacho hakikuwa na dalili. Kiunganishi chenye weusi, kilichotanuka, kilichopasuka au kilicholegea mguuni kibadilishwe. Kiunganishi bapa cha kuchomeka kilicholegea kisibanwe kwa koleo na kurudishwa, kwa kuwa chuma chake kimekwisha kupoteza unyumbufu kwa joto na kitalegea tena. Mguu wa swichi ukiwa umeungua, badilisha swichi pia, maana kiunganishi kipya juu ya mguu ulioungua hakitadumu.

Hatua ya sita: kata hadi upate shaba inayong'aa. Kata ncha ya waya iliyoungua, uchune ganda, utazame. Kama nyuzi bado ni nyeusi, endelea kukata hadi zing'ae. Waya ukibaki mfupi mno kufika mahali pake bila kuvutwa, badilisha waya wote kwa mwingine wa unene uleule na wenye ganda linalostahimili joto. Waya uliovutwa hung'oka kwa mtikisiko.

Hatua ya saba: bana lagi. Vaa kwanza mpira wa kunywea kwenye waya, kisha ingiza nyuzi zote ndani ya lagi, pasibaki hata moja nje, na ubane kwa koleo maalumu lenye nafasi inayolingana na lagi hiyo. Kupiga lagi kwa nyundo juu ya chuma huonekana kumeibana, lakini huacha nafasi ndani ambamo hewa na unyevu hupenya. Ukimaliza, vuta lagi kwa nguvu. Isisogee hata kidogo. Kujaza lehemu badala ya kubana si njia ya kutegemewa upande wa kutolea: lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na kiungio kilichopata moto kinaweza kufika huko.

Hatua ya nane: funga kwa mpangilio sahihi. Safisha uso wa lagi na uso wa mguu kwa brashi au msasa laini hadi ung'ae, kisha ufute vumbi. Lagi iguse mguu wa shaba moja kwa moja. Juu ya lagi iwekwe wosha bapa, kisha wosha ya springi, kisha nati. Kosa la mara kwa mara ni kuweka wosha ya chuma kati ya lagi na mguu, ambapo umeme wote hulazimika kupita katika chuma kisichoupitisha vizuri kama shaba. Kaza kwa uthabiti huku ukiushika mguu kwa spana ya pili usizunguke, kwani mguu ukizunguka hukata waya wa koili kwa nyuma.

Angalizo kuhusu alumini: baadhi ya transfoma zina koili za alumini. Alumini na shaba zikigusana penye unyevu hulana. Mahali hapo pafungwe lagi maalumu yenye upande wa alumini na upande wa shaba, au lagi ya shaba iliyopakwa bati.

Hatua ya tisa: rudisha waya wa athi. Kwangua rangi mahali waya huo unapofungwa kwenye bodi ili chuma kiguse chuma, na ukaze kwa wosha yenye meno. Waya huo uwe na bolti yake peke yake, usifungwe pamoja na kifuniko. Kisha pima kutoka kwenye mguu wa athi wa plagi hadi kwenye bodi: mita isome chini ya omu 1, na iendelee kusoma hivyo unapoutikisa waya. Hata hivyo, waya wa athi usio na pa kwenda ni pambo tu. Hakikisha soketi ya ukutani nayo imeunganishwa na ardhi.

Hatua ya kumi: jaribu kwa awamu. Kabla ya kurudisha umeme, fundi mwenye kipimo cha megga apime iwapo umeme unavuja kutoka kwenye koili kwenda kwenye bodi. Kwa mashine ya inveta, kipimo hiki kisifanywe bila kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa huweza kuua bodi za elektroniki. Funga kifuniko, ndipo uwashe. Chomelea kwa dakika chache kwa ampia ndogo, zima, chomoa, sikiliza na unuse. Kisha chomelea kwa ampia za kawaida. Mashine ikishapoa kabisa, rudia hatua ya kwanza hadi ya tatu, ufungue, na ukaze nati kwa mara ya pili. Kiungio kipya hukaa mahali pake baada ya joto la kwanza, na nati ambayo jana ilikuwa imekaza leo huenda ikakubali robo ya mzunguko.

MATUNZO YA KUZUIA UBOVU KURUDI

Kila jioni, chomoa mashine na uihifadhi juu ya meza au tofali, si sakafuni. Kila wiki, kagua vichwa vya kebo, klampu na kishikio. Kila baada ya miezi mitatu, na kila baada ya safari ndefu ya barabara mbaya, fundi aifungue, apulize vumbi na akaze nati. Kichwa cha kebo kinachochomekwa kwenye soketi ya mbele kizungushwe hadi mwisho. Kikiachwa nusu, soketi huweza kuungua.

Heshimu muda wa mapumziko. Kibandiko kikionyesha asilimia 60 kwa ampia fulani, maana yake ni kwamba katika kila dakika 10, uchomelee 6 na upumzishe 4. Mapumziko hayo ni ya viunganishi kama yalivyo ya koili. Aidha, mashine inayovuta zaidi ya ampia 13 isitumie plagi ya kawaida ya nyumbani yenye miguu mitatu bapa. Itumie plagi ya viwandani ya ampia 16 au 32, kwa waya na kikata umeme vinavyolingana nayo.

AJALI IKITOKEA

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza. Kama swichi iko mbali, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Asipopumua, laza chali na umkandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma, huku wengine wakitafuta usafiri wa kumfikisha kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Aliyepigwa na umeme akazinduka apelekwe vilevile, maana moyo huweza kuyumba baadaye.

Moto wa mashine uzimwe kwa kukata umeme, kisha kwa kizimamoto cha unga au hewa ya ukaa, au kwa mchanga mkavu. Maji yasimwagwe juu ya mashine yenye umeme. Moshi wa ganda la waya la plastiki una tindikali inayochoma mapafu. Toka nje, usiuvute. Namba ya simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, nayo hupigwa bila malipo.

MAHALI PA KUPATA MSAADA

Anayetaka kujifunza uchomeleaji au umeme kwa utaratibu rasmi aulizie mafunzo ya VETA, na anayehitaji ushauri wa viwanda vidogo awaone SIDO. Taasisi zote mbili zina ofisi mjini Songea. Vikundi vinavyotaka kuomba mkopo wa asilimia 10 vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Inapendekezwa kwamba kila kikundi kinachoandika mpango wa karakana kitenge ndani yake fedha za matengenezo: lagi, viunganishi, kebo na malipo ya fundi. Mpango unaotaja bei ya kununulia mashine na kunyamaza kuhusu kuitunza ni nusu ya mpango.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mita inayosoma sifuri haitoshi kuthibitisha kuwa kiunganishi cha upande wa kutolea ni kizima?
2. Taja mambo manne yanayoharakisha uchakavu wa viunganishi katika mwambao wetu.
3. Kwa nini mita hujaribiwa kwenye soketi yenye umeme kabla na baada ya kupima kapasita?
4. Wosha bapa huwekwa upande upi wa lagi, na kwa nini?
5. Mashine yako ina waya wa athi ulio imara. Ni kitu gani kingine unapaswa kukikagua kabla ya kuamini kuwa uko salama?

Wanakikundi wayajibu maswali haya pamoja, mashine yao ikiwa imechomolewa na kuwekwa mbele yao. Atakayeshindwa swali la tatu au la tano asiruhusiwe kuifungua hadi atakapolielewa.